Msiba wa Lori la Chang'ombe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko zote nilizoishi Chang'ombe. Naitamani kama mgonjwa anavyotamani chakula cha kwao.

Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na diploma ya ufundi wa magari, niliyoipata kwa jasho langu, si kwa mjomba wala kwa mkubwa yeyote. Mtaani hapakuwa na mwingine mwenye nayo, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Nikanunua lori kuukuu la dizeli, lililokuwa likibeba mawe kabla ya kutupwa majanini. Nililitaka kwa jambo moja: kumleta mama yangu kutoka Maneromango, alikobaki peke yake baada ya baba kufariki. Masika yalikuwa yananukia, na njia ile ikilowa hapiti hata mbuzi.

Sasa, ufundi wangu ulikuwa wa magari ya petroli. Dizeli ndiyo kwanza naigusa. Nilimwaga mafuta machafu, nikasafisha tangi, nikatia mapya, nikapiga stata. Lori halikuwaka. Nilijua kilichotokea: hewa imeingia kwenye mabomba ya mafuta. Kuitoa, mmoja husukuma pampu ya mkono upande huu, mwingine hulegeza skrubu upande wa pili, povu litoke, kisha aikaze upesi. Mimi nilikuwa peke yangu. Nasukuma, nazunguka mbio, nikifika hewa imekwisha rudi. Asubuhi nzima nilizunguka lori lile kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mawingu yanajikusanya upande wa Pugu. Kuomba msaada? Mwenye diploma?

Hapo akatokea Masanja, jirani yangu, hamali wa bandarini. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hakasirikiwi. Alivua shuka lake jeupe, akaifunika boneti, akaketi chini na kuangua kilio.

"Jamani ee! Lori limefariki! Limeuawa na diploma!"

Watu wakajaa wakicheka. Mimi nikanuna, nikatazama pembeni.

"Mtani," akasema Masanja, "maiti ni hili lori au ni wewe? Maana asiyejibu ni wewe."

Kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu. "Kumbe huu ni msiba!" nikamwambia. "Na msibani, kazi nzito ni ya nani?"

"Ya watani!" watu wakaitikia.

"Haya, Mnyamwezi. Shika pampu."

"Loo! Nimejichimbia kaburi mwenyewe," akalalamika, huku anakunja mikono ya shati.

Akasukuma, nikalegeza. Povu likatoka, kisha mafuta matupu. Nikakaza. Nilipopiga stata, lori likakohoa moshi mweusi, likanguruma, na mtaa ukapiga vigelegele. Kesho yake Masanja akapanda nami. Mvua ilitukuta tukiwa njiani kurudi, mama katikati yetu, akifuta machozi ya kucheka kwa matusi tuliyorushiana.

Mama ametangulia mbele ya haki. Masanja alirudi kwao Tabora, hatukuonana tena. Leo nina nyumba ya saruji niliyoijenga mwenyewe, na kila aingiaye hunipa shikamoo huku ameinama. Heshima ni tamu, mwanangu, lakini haichekeshi. Jioni nyingine nakaa barazani, nasikiliza hatua za wapitao, nikitamani hata tusi moja tu la Masanja.

Basi soma, upate vyeti kupita vyangu, kama utaviweza. Lakini mkono mmoja haulei mwana. Kazi ikikuelemea, ita jirani kabla jua halijasogea. Na anayekucheka akiwa amesimama karibu yako usimnunie. Mjibu, kisha mpe pa kushika. Huenda amekuja kukusaidia, ila hajui aanzie wapi.

Mungu akupe kazi inayochosha mwili na kutuliza moyo. Akuwahishe kwa mama yako kabla njia haijafungwa. Na akujalie mtani ambaye, ukimwita, bado yupo karibu, aitike.