Shamsia wa Kasulu, fundi aliyeirudisha sauti ya Mwalimu Fidele

Saa mbili asubuhi, mvua imetoka kukatika mjini Kasulu na matope ya njia ya sokoni yanang'ang'ania viatu. Nyuma ya duka la vitenge la baba yake, Shamsia Lukmani amekaa mbele ya kompyuta iliyotumika, spika ndogo ameisogeza sikioni. Anabonyeza kitufe. Spika inasoma kwa lafudhi ya kigeni: "Mstari wa kwanza."

"Hii ni ya mwandishi mmoja kule Nyarugusu, kambi ya wakimbizi," anasema. "Nataka ifike kambini inaongea tayari."

Mafundi wa kompyuta hawakosekani Kasulu, wa kubadili vioo na kufukuza virusi. Kazi ya Shamsia, mwenye miaka thelathini na minne, ni nyingine. Anawaandalia waandishi programu ya kuandikia maandishi, ile isiyo na mapambo, pamoja na plagini zake, yaani vipande vidogo vinavyoiongezea uwezo. Ipo ya kukagua tahajia, ipo ya kutafuta maneno, na ipo inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfikisha kwa Mwalimu Fidele Akimana wa Mabamba, wilayani Kibondo. Wazazi wa Mwalimu walikimbia kutoka Burundi. Yeye ni raia wa Tanzania na alifundisha mpaka presha ya macho ilipomwachia giza. Siku hizi anaandika kipindi cha wakulima cha redio.

"Macho yalipoondoka nilijua na kalamu imeondoka," anasema Mwalimu. "Huyu binti akaniletea kompyuta yenye mdomo."

Raha hiyo haikudumu. Siku moja programu zilijisasisha zenyewe, plagini ya sauti ikagombana na nyingine, ikanyamaza. Shamsia alisafiri hadi Mabamba akahangaika kutwa nzima. Mashine ile ilikuwa imefungwa programu kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile, na hapakuwa na namna ya kujua ilivyokuwa ilipokuwa nzima. Alirudi Kasulu mikono mitupu.

"Si mitupu hasa," anajirekebisha. "Mama Esteri, mke wa Mwalimu, alinifungia maharage ya njiani kana kwamba nimefanya kazi. Yalinichoma yale maharage."

Ndipo alipotafuta mtandaoni na kukutana na mfumo wa kusimamia programu ambao fundi hauamrishi hatua kwa hatua. Anaandika tu katika faili moja hali anayoitaka: programu hii, plagini hizi, matoleo haya. Mfumo wenyewe unatafuta na kupanga. Kilichoandikwa hakibadiliki mpaka mwenyewe aseme, na ukiharibu unarudi ulikotoka.

"Ni kama kumwambia mwashi nataka vyumba viwili, mlango utazame barabara," anaeleza. "Aanze na tofali lipi, shauri yake."

Kujifunza kulimtoa jasho. Maelezo ni ya Kiingereza, umeme hauna ahadi, na baba yake, Mzee Lukmani, alikuwa akimuuliza mbona anaandika kutwa na hakionekani kitu.

"Nikamwambia, baba, napanda. Akasema, basi ngoja tuone kama kutaota."

Faili la Mwalimu lilipokamilika, kompyuta yake ilisema tena; lakini masika iliyopita radi ilipiga Mabamba, ikaungua. Kipindi cha ugonjwa wa mihogo kilikuwa kinangojwa, na redioni walishaanza kuulizia mwandishi mwingine. Shamsia alipanda basi na kompyuta ya aina nyingine kabisa, na diski yenye nakala za programu zote, maana mtandao wa mpakani ni wa kuvizia.

Sebuleni kwa Mwalimu aliingiza faili lake, akatoa amri moja. Mistari ikateremka kwenye kioo huku Mama Esteri akimimina chai. Programu ikafunguka, plagini zote mahali pake. Lakini kimya.

"Haisemi," Mwalimu akanong'ona.

"Subiri, Mwalimu wangu."

Safari hii hakupapasa. Ujumbe wa kosa ulimwonyesha kuwa mashine hiyo ina kifaa tofauti cha sauti. Alibadili mstari mmoja, akarudia amri. Mwalimu akagusa vitufe, akaandika neno "mihogo". Kompyuta ikalitamka.

"Esteri we! Ijwi ryagarutse!" alipaza sauti kwa Kirundi cha wazazi wake. Sauti imerudi.

Kipindi kilipokuwa hewani, Mzee Lukmani aliifungulia redio ya dukani mpaka mwisho.

"Kazi ya binti yangu hiyo," aliwaambia wateja, ingawa hakuna aliyeuliza.

Sasa waandishi wa Kasulu, Kibondo na Nyarugusu wanatumia mpangilio wa Shamsia; akiuboresha anawapelekea wote. Wengine humlipa fedha, wengine asali. Anatengeneza pia plagini ya tahajia ya Kiha, lugha ya wenyeji wa huko, na Mwalimu ndiye mkaguzi wake mkali.

Shabaha yao kubwa ni darasa la kompyuta Kibondo kwa vijana wasioona. Shamsia atafunga mashine, Mwalimu Fidele atafundisha.

"Chumba nimekipata," anasema Shamsia akicheka. "Nilimpigia Mwalimu simu kumsifia madirisha, makubwa, mwanga tele. Akaniambia, 'Mwanangu, mwanga wa nini? Niambie kama meza hazitikisiki.' Nimeziagiza kwa seremala wa Murungu, za mninga."