Kompyuta Iliyofunikwa Kanga

Juzi nilikuwa kwenye duka la picha mjini Lindi, nasubiri pasipoti saizi zangu, wakaingia akina mama wawili. Fundi akawapa shikamoo. Mmoja akaitikia marahaba huku akifungua pindo la kanga, akatoa memori kadi ya kamera.

“Ni ngoma ya kumuaga bibi harusi, wanawake watupu,” akasema. “Hata aliyepiga video ni mwenzetu. Hamishia kwenye flashi mbili, halafu ufute kadi. Ila wewe usitazame.”

“Mama, mimi sifuti kitu kabla sijakifungua nikaona kimefika.”

Mama akafikiri. Video zilipokwisha kuhamia, akavua kanga ya juu, akaifunika kompyuta, akaingiza kichwa ndani. Fundi akamsogezea kipanya, akageukia ukuta. Mimi, mwanamume mwenzake, nikageukia mlango bila kuambiwa.

Tukasikia ngoma, kisha kicheko kirefu kutoka ndani ya kanga.

“Zinafunguka?” fundi akauliza ukuta.

“Zinafunguka. Subiri, nihakikishe na hii nyingine.”

Alihakikisha mpaka mwisho. Kadi ikafutwa akiona.

“Flashi moja niachie mimi, mama, ya akiba.”

“Nikuachie wewe!” Akafunga moja pindoni, ya pili akampa mwenzake. “Hii ikakae kwako Kikole.”

Mimi video zangu zote zimo kwenye simu moja, na hakuna kundi ambalo sijazirusha. Nakala sina, siri sina. Yule mama alitoka na vyote viwili.