Mkia wa Foleni ya Marubani

Kwa marubani, ukubwa hautokani na mvi wala akili. Unatokana na siku uliyoingia kwenye kampuni. Binti yangu alinieleza hivyo tukiwa ghalani kwangu, tumekaa juu ya ndoo za asali tupu, nami nikadhani ananipima.

Aliyeingia kwanza yuko mbele, akasema, na atabaki mbele mpaka astaafu. Yeye ndiye anayechagua ndege ya kurusha na likizo ya Krismasi, na yeye ndiye anayepanda kuwa kapteni. Ukihamia kampuni nyingine unaanza mkiani, hata kama ulikotoka ulikuwa kapteni. Foleni inasogea pale tu wa mbele wanapofika miaka sitini na tano, umri wa mwisho wa kurusha ndege za abiria nchi za nje, au afya ikiwaangusha kabla. Na mambo yakiharibika, wanapunguza watu kuanzia nyuma.

Nilimwelewa. Mimi niliishia darasa la nne. Nilianza kwa baiskeli, nikitoa asali porini kupitia Isikizya mpaka mjini, na leo lori ni langu na ghala ni langu. Sikubebwa na mtu. Nta na asali ndizo zilizomsomesha urubani huyo mtoto.

Wakati ule alikuwa rubani msaidizi katika kampuni ndogo ya hapa nchini. Kampuni kubwa ya nje ilikuwa inaajiri, kwa sababu wazee wake wengi walikuwa wanastaafu kwa mfululizo. Akapita mitihani yote, akapimwa macho na moyo, akapewa tarehe ya kuanza na darasa la waajiriwa wapya.

Kisha mama yangu akafariki.

Binti yangu ndiye mwenye jina la bibi yake. Kwetu, siku ya kumaliza matanga, mwenye jina huketishwa kwenye kigoda cha marehemu, akavishwa kanga zake na kupakwa unga kwenye paji la uso, ili jina lisilale nje. Hakuna mwingine anayeweza kuketi badala yake. Tarehe ya matanga ikaangukia juma lile lile la darasa. Nikamwambia abaki. Akaiomba kampuni, nayo ikakubali bila neno aingie na darasa la mwezi uliofuata.

Jirani yangu fundi cherehani ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara. Alifika matangani, akakaa mbele ya kigoda bila kualikwa.

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kutembea kwa miguu mpaka pwani," akasema. "Mnadhani na ndege inawasubiri mmalize ugali."

Tulicheka, hata mwenye kigoda alicheka na unga wake usoni. Mwezi mmoja ni kitu gani? Tangu siku hiyo namwita mama, kama desturi inavyotaka, naye huitika.

Sijutii. Jina la mama yangu halikulala nje, basi.

Lakini mwaka huu mambo yamegeuka. Kwanza aliniambia safari zimepungua. Baadaye akasema ndege zinaegeshwa jangwani na kufunikwa injini. Akipiga simu ananiamkia shikamoo, naitika marahaba, namjulia hali, naye anajibu huku kama anasikiliza kitu nyuma yake. Mwishowe akasema kampuni imetangaza kupunguza marubani kutoka mkiani, na darasa lake ndilo mkia. Tangu waingie wao, hakuna aliyeajiriwa. Darasa lililowatangulia, lile aliloliacha kwa ajili ya matanga, liko juu ya mstari wa kupunguzwa.

Lilibaki tumaini moja. Wazee wa mbele wameombwa wastaafu mapema kwa hiari yao. Wakikubali wa kutosha, kisu hakitafika kwenye darasa lake. Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi huu.

Nilipomweleza fundi, nilingoja anitanie. Aliendelea kushona. Akaniuliza tu kama binti analala vizuri. Mtani akikosa la kukutania, ujue ameshaliona jeneza.

Mimi nawajua wazee. Mwanangu wa kiume ananiomba funguo za ghala kwa adabu, mwaka wa ngapi sijui, na kila mara namwambia asali inataka ulimi wangu. Majuzi daktari wa hospitali ya Kitete alinitazama miguu ilivyovimba, akaniagiza nipumzike nyumbani. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ghalani.

Jumapili iliyopita binti alipiga simu baada ya misa. Alikuwa ametoka kuruka na kapteni mmoja mzee, mwenye shamba na wajukuu, aliyebakiza muda mfupi tu kufika umri. Njia nzima huyo mzee alisifia mahindi yake, lakini alipoulizwa kuhusu kustaafu mapema akasema umri wenyewe ndio utakaomshusha.

"Baba," akaniuliza, "ungekuwa wewe ndiye yeye, ungeondoka ili mimi nibaki?"

"Unauliza kama mwanangu?"

"Nauliza kama mtu usiyemjua. Yule mzee hanijui."

Ningeweza kumdanganya. Sikulelewa hivyo, wala sikumlea hivyo.

"Nisingeondoka, mama," nikasema.

Nikasikia watu wakipita upande wake na mizigo ya magurudumu, wengi, wakielekea safari zao.

"Nilijua," akasema. "Chumba cha bibi bado kina dari?"

Nikamwambia dari ipo, ila popo wameingia. Akasema basi, akaniaga.

Mwisho wa mwezi haujafika. Hakuna mzee hata mmoja niliyesikia ameinuka. Asubuhi ya kesho yake baada ya simu ile nilimwita fundi wa dari, nikamwonyesha mahali popo wanapopitia.