Pua ya Shujaa wa Jiwe

Hedley Tapscott ameshika funguo za kanisa la Combe Perrin miaka arobaini na minane. Kwa kuwapiga wageni fiksi hana mpinzani. Hata mimi, bingwa wa mabingwa, humvulia kofia.

Mgeni akiingia, Hedley humpitisha kwenye birika la jiwe la ubatizo, kisha mlango mdogo wa kaskazini. "Mtoto akibatizwa, shetani humtoka, akakimbilia nje kwa mlango huu." Mwisho humsimamisha kwenye kaburi la shujaa wa kale, kachongwa amelala chali, mbwa miguuni, pua hana.

"Askari wa Bunge hao," husema kwa uchungu. "Walipopigana na mfalme. Upanga mmoja tu, pua chini!"

Mgeni huguna, hupiga picha, huondoka ameridhika.

Juzi kasisi mpya, Mama Peverell, akaja na daftari. Anaandika kitabu cha historia ya kanisa. Akaandika mnara, akaandika kengele sita, akafika puani.

"Askari wa Bunge, Mzee Tapscott? Una hakika?"

Enid, mkewe, alikuwa akisugua vinara vya shaba. Akakohoa. Kikohozi kile Hedley alikijua tangu siku ya harusi.

Kumdanganya mpita njia ni mchezo. Kitabuni, uongo ungebaki humo yeye akishalala kaburini nje pale chini ya miti. Lakini akisema kweli, funguo zitakwenda kwa nani?

Akazitoa mfukoni, akazilaza juu ya kifua cha shujaa.

"Si askari, Mama Kasisi. Ni boga."

"Boga?"

"Langu. Sikukuu ya mavuno, mwaka wa sabini na nne. Lilishinda maonyesho yote, nami nikaliweka dirishani hapo juu, kila mtu alione. Likamporomokea huyu usoni kabla watu hawajafika."

Akafungua kikopo cha tumbaku. Pua ilikuwamo, imeviringishwa katika pamba. Kasisi akaijaribu usoni pa shujaa, ikakaa sawasawa.

"Lilikuwa na uzito gani?"

"Kilo ishirini na mbili."

"Kumi na moja," alisema Enid, bila kuinua kichwa.

Kasisi akaandika yote, na kilo kumi na moja. Kisha akamsukumia Hedley funguo.

"Kaufunge ule mlango wa kaskazini, mzee. Shetani wako ametoka sasa hivi, asije akarudi."