Kwa Nini Wavulana wa Nyumba Yetu Waligeuka Manjano

Macho ya mwanangu yaligeuka manjano Jumapili asubuhi nikiwa namnyonyesha. Aliyepiga yowe si mimi, ni dada yangu Serwaa.

"Ameshamla! Mama ameshamla na huyu!"

Mama alikuwa amesimama palepale, kashika beseni la maji ya kumwogeshea mtoto.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkapotea.

Sisi ni wa Kumasi. Kwetu Waashanti, damu ni ya mama, hilo halina mjadala. Baba anakupa roho na jina. Damu, ukoo, hata uchawi, vyote huja kwa mama. Na mchawi, wanasema, hamli mtu wa nje ya ukoo wake.

Serwaa alizaa wavulana wawili. Wote waligeuka manjano wakiwa wachanga, na wote tukawazika. Binti yake yupo, mkorofi huyo usiseme. Watoto wa kaka zetu nao wazima, wa kiume kwa wa kike, maana hao ni wa ukoo wa mama zao.

Mtaa haukuhitaji mganga. Wanaokufa ni wavulana wa mabinti wa Dufie, basi anayewala ni Dufie.

Dufie ndiye mama yangu.

Baba hakumtetea. Mzee Amponsah, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito, alisimama mbele ya waumini akasema, "Siwezi kulala na mtu anayekula wajukuu zangu." Mama akarudishwa kwao Mampong, yeye na sanduku lake la nguo.

Baba huyohuyo alikuwa na kituko chake. Akimeza vidonge fulani vya homa, mkojo unakuwa mweusi kama soda ya kola. Tulimtania tangu utotoni: "Baba leo kafungua kiwanda!" Naye anajibu, "Komeni! Hiyo ni damu ya kifalme inapita."

Nilipokaribia kujifungua, nikamwita Mama. Mume wangu Yaw akasita.

"Birago, una hakika?"

"Mama yangu ndiye atamwogesha mwanangu. Kama ni mchawi, aanze na mimi."

Akaja na sanduku. Alipolifungua, chumba kizima kikanuka naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Akatoa vitambaa vyeupe vilivyotufunika mimi na Serwaa tulipozaliwa, na baadaye wale wavulana wa Serwaa. Kwetu kichanga akinukia hivyo, majirani wanajua ana bibi aliyejiandaa. Akamviringisha mwanangu huku akimwimbia.

Haukupita muda, ndiyo ikafika ile Jumapili.

Sitawadanganya. Serwaa alipopiga yowe lile, nilimtazama Mama nikamwogopa.

Tulikimbilia hospitali. Daktari Nyarko, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, alimpokea mtoto, kisha akakinusa kile kitambaa.

"Nani kaweka naftalini kwenye nguo za kichanga?"

Mama akainua mkono taratibu, kama mwanafunzi.

Walimtoa mwanangu damu kidogo kidogo, wakimrudishia ya mtu mwingine. Nililia mpaka sauti ikakauka. Manjano yalipoanza kupungua, daktari akatuita sote.

"Mtoto kazaliwa na udhaifu wa damu. Naftalini inaivunja, na dawa fulani za homa pia. Udhaifu huo unakaa kwenye kromosomu tunayoiita X, uzi unaobeba urithi. Mwanamke ana X mbili. Moja ikiwa mbovu, nyingine inamsitiri. Mvulana ana moja tu, na hiyo anaitoa kwa mama yake."

Serwaa akadakia. "Si nilisema? Damu ya mama!"

"Ya Birago, ndiyo. Birago naye kaitoa wapi? Mama yenu tumempima, hana."

Serwaa akamgeukia Mama. Daktari akaendelea.

"Binti hupata X moja kwa mama, moja kwa baba. Baba mwenye X mbovu huwapa binti zake wote, maana hana nyingine. Wanawe wa kiume hawaipati, wao huwapa kromosomu nyingine, Y. Kaka zenu na watoto wao si wazima?"

"Wazima."

"Baba yenu je? Hakuna dawa inayomkataa?"

Mimi na Serwaa tukatazamana. Kola!

Baba alipimwa. Majibu yalipotoka, alinunua chupa ya pombe ya kuombea radhi, kama desturi inavyotaka, akamfuata Mama kwenye benchi la kibarazani.

"Dufie. Ilikuwa damu yangu."

Mama hakuigusa ile chupa.

"Damu yako, Amponsah, na vitambaa vyangu. Nani aliwafunika wale wawili?"

Serwaa akaketi sakafuni miguuni pake. "Mimi ndiye niliyekuomba uvilete, Mama," akasema, na wote wawili wakaangua kilio.

Mama alipofuta machozi, akamgeukia Baba. "Ulinisema mbele ya watu. Kanisafishe mbele ya watu."

Akaenda. Mbele ya kanisa zima Mzee Amponsah akasema wajukuu wake waliuawa na damu yake mwenyewe, Dufie hana hatia. Nilikuwepo, mtoto mgongoni. Nikasubiri watu waone haya.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akaguna. "Baba tangu lini akatoa damu? Masikini, kesharogwa mpaka anajisingizia."

Na watu wakaitikia kwa vichwa.

Somo? Ondoeni naftalini kwenye nguo za vichanga. Na kabla hamjamtafuta mchawi kwa mama, muulizeni na baba mkojo wake una rangi gani.

Mama hakumrudia Baba. Yuko Mampong mpaka leo. Kila nikienda, nampa ampakate mwanangu, ambaye sasa anakimbia. Mama huinamisha uso na kulinusa kwanza shati la mtoto, ndipo amkumbatie.