Darasa Zima Lilisimama Nitolewe, Kaka Yangu Akiwemo

Admin, nifichie jina, maana huku Iramba tunajuana mpaka mbuzi wetu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara hapa Misigiri.

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ile ya ruksa, vyama vingi vimeingia, nilikuwa mtundu, sikatai. Nilikuwa naigiza sauti za walimu, darasa linacheka hadi kupaliwa. Siku moja mwalimu akanisimamisha mbele, akasema, "Sasa hivi ni demokrasia. Simfukuzi mimi, mtaamua wenyewe. Anayetaka huyu atoke shuleni, asimame." Wakasimama, hao hao niliokuwa nawachekesha. Kaka yangu, aliyekuwa amerudia darasa tukawa tunakaa dawati moja, alibaki ameinama. Nikapata matumaini. Kumbe alikuwa anatafuta ndala zake. Alipozipata, naye akasimama.

Baba hakwenda hata kuuliza shuleni. Alisema, "Darasa zima haliwezi kukosea," na kesho yake nikapewa mbuzi nichunge. Kaka akasoma mpaka akawa mwalimu. Nimemchukia miaka yote hii, huku nikimpikia ugali na mlenda kila anapokuja kunisalimia.

Juzi amekuja na binti yake wa miaka kumi na moja, na godoro. Mtoto ameondolewa shule binafsi kule Singida mjini, eti anavuruga darasa, wazazi wa wenzake wamemkataa. Kaka anataka nikae naye, asome shule ya serikali hapa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikamuuliza, "Kaka, safari hii walisimama wangapi?"

Akasema, "Mdogo wangu, yale yalikuwa mambo ya utoto." Akala, akanawa, akapanda basi akaniachia mtoto.

Mtoto ana adabu, kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo shangazi." Jana tukipepeta alizeti akaniambia, "Baba anasema huu utundu nimeutoa kwako, ndiyo maana amenileta nikae na mwenzangu." Nilimpiga kofi. Hakulia, aliendelea kupepeta, na mimi roho iliniuma lakini sikumwomba radhi.

Jumatatu anatakiwa kuanza shule. Mnaosoma hapa, nipeni akili, hata kwa kunitukana: nimpeleke, au nimpandishe basi arudi akakae nyumbani kwa baba yake bila shule? Nataka kaka aumie kama nilivyoumia, na sina kingine cha kumuumizia zaidi ya huyu mtoto.