Sekunde Ngapi Ndizo Haraka?

Hebu niambie, msomaji: mtu akikuahidi kwamba jambo lako litafanyika haraka, wewe unahesabu mpaka ngapi kabla moyo haujaanza kwenda mbio?

Dufie Nsiah anahesabu. Ni saa nne kasorobo asubuhi, Alhamisi, siku ya soko hapa Asuofiem, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Kumasi. Amekaa kwenye benchi la zahanati, lile lenye mguu mmoja uliotiwa kigingi. Shingoni ananing'iniza saa ya walimu wa michezo, ile ya kupimia wakimbiaji, kwa kamba ya bluu iliyoanza kuchanika nyuzi.

Mbele yake muuguzi Tawia ameketi kwenye kompyuta. Anajaribu kuagiza chupa mbili za damu za mgonjwa asiyekuwepo.

"Haya, nimebonyeza," anasema Tawia.

Dufie anabonyeza saa yake. Kwenye kioo kiduara kinazunguka, kinazunguka.

"Dada, mtandao leo umekwenda sokoni kununua nyanya," Tawia anasema. "Ukirudi utatuletea na pilipili."

Dufie hacheki. Anangoja. Kiduara kinapotoweka, anafungua daftari lake la shule, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kuandika kwa kalamu ya risasi: *Alhamisi, siku ya soko, mawingu, sekunde 74.*

Jana, ofisini Kumasi, jaribio hilohilo lilichukua sekunde mbili.

Dufie ana miaka thelathini na sita. Ameajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya hospitali, lakini hatengenezi chochote. Yeye huuliza watu wanataka nini, kisha huyatafutia maneno yao namba, ili mfumo ukiletwa pawe na cha kuupimia.

"Mteja anasema anataka mfumo mzuri, wa haraka, usioharibika," anaeleza. "Mzuri kwa nani? Haraka ya nani? Usioharibika siku ya jua, au hata siku ya mvua? Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Mtu akimwambia, 'Nishonee la kawaida tu,' alikuwa hagusi kitambaa mpaka amzungushie utepe kiunoni. Alisema kawaida haina inchi."

Wenzake ofisini wanamwita Bibi Sekunde. Akiingia asubuhi, humwuliza uji wake wa leo umechelewa kwa nukta ngapi. Amezoea.

Asichokizoea ni ukuta wa chumba cha kujifungulia wa zahanati hii. Juu ya sinki, kwenye msumari, linaning'inia kopo la kupimia gari, ule unga wa muhogo uliokaangwa. Lilikuwa la Frema.

Frema aliuza unga huo chini ya mwavuli kwenye lango la zahanati, mweupe upande huu na wa njano upande ule. Kopo lake lilikuwa na sifa: alilijaza mpaka likatoa kilima, kisha akaongeza kiganja. Mama Nyarkoa, mkunga wa hapa kwa miaka thelathini na moja, ndiye aliyempokea Frema alipozaliwa. Miaka ishirini na sita baadaye, ndiye aliyempokea mtoto wa Frema.

Ilikuwa Alhamisi pia, miaka mitatu iliyopita, mvua inanyesha. Mtoto alitoka salama saa tisa alasiri. Mama yake akaanza kuvuja damu.

Wakati huo mfumo wa kwanza ulikuwa na miezi minne tu. Kabla yake, Mama Nyarkoa alikuwa akiandika kikaratasi, akimpa mwenye pikipiki na kisanduku cha barafu, na damu ilikuwa ikifika kutoka benki ya damu ya wilaya baada ya saa moja na dakika arobaini. Mfumo ulikuja kuondoa safari ya kwenda: unabonyeza, benki inaona, gari lao linatoka hukohuko.

Saa tisa na dakika tano Mama Nyarkoa akabonyeza. Kioo kikaandika kwa rangi ya kijani: *Ombi limepokelewa.*

Akarudi kwa mgonjwa wake, akasubiri gari.

Ombi halikuwa limepokelewa na mtu. Mvua ilikuwa imekata mtandao, simu nazo kimya, na kompyuta ilikuwa imeliweka ombi tumboni mwake hapohapo zahanati. Mtandao ulirudi saa kumi na moja kamili. Gari lilifika saa kumi na mbili kasorobo. Frema alikuwa amefariki saa kumi na moja na robo.

Pikipiki ingefika saa kumi na dakika arobaini na tano. Dufie ameipiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

"Kinachoniuma, na wala si siri, ni kwamba mfumo haukukosea," anasema, akiitazama saa iliyo mkononi mwake. "Karatasi ilisema mfumo ujibu ndani ya sekunde tatu. Ulijibu ndani ya mbili. Mwezi ule ripoti ikaandika maombi tisini na saba kwa mia yamejibiwa kwa wakati. Na la Frema limo humo, kati ya yale tisini na saba. Karatasi ile niliiandika mimi."

Anaigeuza saa kifudifudi.

"Nilipima kompyuta ilichosema. Sikupima kama ni kweli."

Kuna la pili, na hili hulisema kwa sauti ya chini zaidi. Kabla ya mfumo ule kuanza kutumika rasmi, ukiwa bado unajaribiwa, alikuwa ametumwa kuzungukia zahanati tisa kwa siku mbili, awaulize watumiaji kama wameridhika. Alifika Asuofiem saa saba mchana, dereva ameacha injini inanguruma. Mama Nyarkoa akamletea bilauri ya maji juu ya sahani, kama anavyoletewa mgeni yeyote, akamvutia kiti.

"Asante mama, niko mbioni," Dufie alimwambia akiwa amesimama, begi begani. "Mashine inaendeleaje?"

"Hapa kwetu ni shwari," akajibu Mama Nyarkoa.

Dufie akatia alama ya vema.

Yeyote aliyelelewa huku anajua kwamba hilo halikuwa jibu. Mgeni huketi, hunywa maji, kisha mwenyeji husema hapa ni shwari, ninyi ndio mlio na safari, hebu tuelezeni. Hata kama ndani kuna maiti, husemwa shwari kwanza. Baada ya hapo ndipo mambo hutoka. Dufie alilichukua neno la mlangoni akaondoka nalo.

"Bibi yangu angenichapa," anasema. "Nilijua. Nilikuwa na zahanati nne zilizobaki, na nilijua."

Sasa kuna mfumo mpya. Utakwenda kwenye zahanati arobaini na moja, na karatasi ya masharti yake ya ubora inasainiwa kesho, Ijumaa. Ina mistari thelathini. Ishirini na tisa imejaa. Ule wa kumi na nne unasema: *Mtandao ukikatika, mfumo ufanye…* na hapo pameachwa wazi.

Bosi wake, Bwana Amponsah, si mtu mbaya. Ni mtu mwenye tarehe. Jana alisimama mlangoni pa chumba cha Dufie, funguo za gari mkononi.

"Dada Dufie, mstari mmoja huo unautafutia nini? Andika ndani ya sekunde tatu kama mwanzo, tumalize."

"Kama mwanzo, bosi?"

"Basi andika mbili."

"Nipe kesho tu."

"Kesho tu. Ikifika Ijumaa saa tatu ni wazi, nitaujaza mwenyewe."

Angeweza kuujaza yeye. Kichwani ana majibu matano. "Lakini hata mara ya kwanza nilibuni," anasema. "Namba ya kubuni inapendeza kwenye karatasi. Anayejua pale panapoumiza ni mmoja, na hataki kusema."

Kwa ajili ya huyo mmoja, Dufie amekuja Asuofiem mara nane, kila safari akitumia siku moja ya likizo yake, kwa kuwa ofisi ilishamwambia zahanati hii imekwisha kuhojiwa. Kila mara hukaa. Hunywa maji yote. Huulizwa ujumbe wake, naye huueleza palepale, mwanzo mpaka mwisho: nimekuja kuuliza ulitaka mashine ifanye nini siku ile.

Na kila mara Mama Nyarkoa humjibu kwa habari za goti lake. Au bei ya samaki wa kukaushwa. Safari ya tano alimpa ndizi za kupika, mkungu mzima, akamsindikiza mpaka kituoni. Juu ya mashine, hakuna neno.

Saa tano na nusu mvua inaanza. Tawia anafunga madirisha. Mama Nyarkoa anatoka chumba cha kujifungulia akijifuta mikono, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, miwani imefungwa kwa uzi. Anaiangalia saa ya Dufie, halafu anaangalia daftari.

"Umeandika nini humo leo, mwanangu?"

"Sekunde sabini na nne, mama."

"Za nini?"

"Za kungoja jibu."

"Nani anazo sekunde sabini na nne za kutazama kioo?" Mama Nyarkoa anaguna. "Ninyi wa Kumasi mnajifungulia ofisini?"

Tawia anaangua kicheko, kisha anakimeza.

"Na una muda gani, mama?" Dufie anauliza taratibu. "Ukiwa na mgonjwa anayevuja."

Mama Nyarkoa anakwenda kabatini, anatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, anarudi na kukaa kando ya Dufie kwenye benchi. Anamshika mkono, anaunyoosha juu ya magoti yake kana kwamba ndio jeraha, halafu anamtazama usoni.

"Hesabu."

Dufie anabonyeza saa kwa mkono wa pili. Mkunga anakandamiza, anazungusha, anavuta, anafunga fundo, analikaza kwa kidole gumba. Mikono yake haina pupa. Anapoiachia, Dufie anabonyeza tena.

"Kumi na moja."

"Nikimaliza hapo, mkono mmoja unakuwa huru, na jicho moja. Naweza kugeuka mara moja nikatazama. Mara moja tu. Kisha narudi kwa mgonjwa, na nilichokiona ndicho ninachokwenda nacho."

Dufie anaandika namba hiyo kwa mkono uliofungwa, na kumi na moja inatoka imepinda.

Nje mvua inaongezeka, inapiga mabati mpaka watu wanalazimika kusogeleana ili wasikilizane. Mama Nyarkoa anaanza kukifungua kitambaa, polepole, akiongea na fundo zaidi ya kuongea na mtu.

"Kabla hujaja ile siku ya injini, nilikuwa nimeshaliona tatizo. Mara mbili, siku za mvua. Kijani kinasema limepokelewa. Nikipiga simu kesho yake, benki wanasema hatukuona kitu mpaka jioni. Wagonjwa wale walipona, kwa neema tu. Nikasema moyoni, mgeni akija nitamwambia. Ukaja. Nikakuvutia kiti."

"Sikukaa, mama."

"Hukukaa."

"Nisamehe."

"Na mimi ningeweza kukufuata mpaka garini. Goti lilikuwa zima wakati ule." Anakikunja kitambaa, mara mbili, mara nne. "Nimekaa miaka mitatu nakuchukia kwa ajili ya kiti. Lakini kumbe mashine yenu imelelewa hukuhuku. Inafungua mlango, inasema hapa ni shwari. Kasoro yake ni kwamba haina la pili. Mtu ukikaa nayo hata mpaka magharibi, ni shwari."

Tawia amegeukia ukutani. Kopo la Frema linatikisika kidogo kwa upepo unaopenya chini ya mlango.

Mtoto wa Frema sasa ana miaka mitatu na anaishi na bibi yake nyuma ya soko. Mama Nyarkoa humpitia kila Jumapili. Anasema mtoto ameanza kuuliza maswali, na maswali mengine anayajibu, mengine anampa biskuti.

Dufie ameiweka karatasi yenye ule mstari wa kumi na nne juu ya magoti yake. Akikosa cha kuandika hapa, kesho saa tatu Bwana Amponsah ataujaza mwenyewe, na zahanati arobaini na moja zitapata kijani chao. Hamharakishi mkunga. Saa ya shingoni ameisimamisha.

"Mama," anasema mwishowe, "ndani ya sekunde zile kumi na moja, siku ile, ulitaka ikuambie nini?"

Mama Nyarkoa anavua miwani yake. Anaifuta kwa ncha ya khanga, kioo hiki, kisha kile, na haivai tena.

"Nilitaka iniambie, 'Nyarkoa, ombi lako bado halijafika.' Basi, mwanangu. Sikutaka iwe haraka. Ningeona halijafika, ningetoka kwenye mvua ile nikampigia kelele mwenye pikipiki. Alikuwa hapo langoni. Alikuwa ameegesha chini ya mwavuli wa Frema."